Mefitis: Neno la Kilatini la uvundo, na hewa wanayovuta ndugu zetu wa Eastlands

Mgeni akishuka matatu Dandora kwa mara ya kwanza hukimbilia leso. Mwenyeji wake humcheka kidogo, kisha humwambia neno ambalo karibu kila mkazi wa kando ya jaa lile amewahi kuambiwa: "Utazoea."

Ni kweli atazoea. Pua ya binadamu ndivyo ilivyoumbwa, ikikaa na harufu moja kwa muda huacha kuipigia kelele. Lakini neno "utazoea" limebeba dhana nzito ndani yake. Linachukulia kwamba tatizo la jaa la taka ni harufu, na kwamba pua ikinyamaza, tatizo nalo limekwisha. Dhana hiyo si ya wakazi peke yao. Hata viongozi huahidi "kumaliza harufu", kana kwamba harufu ndiyo ugonjwa wenyewe.

Makala haya yanafuata neno moja la Kilatini la harufu mbaya, tangu lilikozaliwa hadi lilipofikia, kwa sababu safari yake inaonyesha kosa la dhana hiyo. Na msomaji wa Pwani asiseme Dandora ni mbali. Majengo ya Pumwani, mtaa mkongwe wa Waswahili jijini Nairobi, uko huko huko Eastlands. Wengi wetu tuna dada, mjomba au mtoto anayepanga chumba Kayole, Umoja, Kariobangi au Huruma. Tena sisi wenyewe tuliishi na jaa la Kibarani miaka mingi, pale tunapoingilia kisiwani Mombasa.

Mungu wa kike wa uvundo

Kilatini hakikukosa maneno ya harufu mbaya. Foetor ni mnuko mkali. Putor ni harufu ya kitu kilichooza. Hata neno virus, ambalo leo tunalijua kama virusi, kwa Warumi lilikuwa na maana ya sumu, ute mchafu, na pia harufu kali ya kuchoma pua. Wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuviona vijidudu hivyo.

Neno lenye kisa kirefu zaidi ni mephitis, ambalo hapa tutaliandika mefitis. Maana yake ni uvundo utokao ardhini. Katika eneo la Irpinia, kusini mwa Italia, kuna bonde liitwalo Ansanto, Ampsanctus kwa jina la kale. Hapo pana kidimbwi cha maji ya kijivu yanayotokota bila moto, kwa kusukumwa na gesi itokayo chini ya ardhi. Harufu yake ni ya mayai viza. Ndege akishuka karibu mno hufa, na mnyama akilala bondeni usiku ambapo hakuna upepo huenda asiamke.

Watu wa kale wa eneo hilo walimwona hapo mungu wa kike, Mefitis, wakamjengea hekalu na kumpelekea sadaka, zikiwemo sanamu za mbao ambazo wachimbuaji wa mambo ya kale walizikuta zingali matopeni. Mshairi Virgil analitaja bonde hilo katika kitabu cha 7 cha utenzi wake, Aeneid, kama mlango wa kuzimu. Mwandishi Pliny anasema waliothubutu kuingia mahali pale walikufa. Ibada ya Mefitis ilifika hadi Roma, ambako alikuwa na kichaka chake kitakatifu juu ya kilima cha Esquilino. Mji wa Cremona ulipoteketezwa vitani mwaka 69, mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba hekalu la Mefitis, lililokuwa nje ya kuta za mji, ndilo pekee lililobaki limesimama.

Watu hao walikuwa wamelitambua jambo moja muhimu. Hawakumwogopa Mefitis kwa kuwa ananuka. Walimwogopa kwa kuwa anaua, na harufu ilikuwa ishara tu ya kwamba yuko karibu.

Kinachonuka sicho kilichoua

Sayansi ya baadaye imeeleza kinachotokea Ansanto. Sehemu kubwa ya gesi ile ni kaboni dioksidi, ambayo haina harufu kabisa. Ile harufu ya mayai viza inatokana na haidrojeni salfaidi iliyochanganyika nayo kwa kiasi kidogo. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia bondeni kama maji na kumnyima anayepita hewa ya kuvuta.

Ndiyo maana neno mefitis likaanza kuhama. Kufikia karne ya 18, wanasayansi wa Ulaya walikuwa wakiita "hewa ya mefitis" hewa yoyote isiyoweza kubeba uhai, iwe inanuka au hainuki. Mwaka 1772 Daniel Rutherford aliandika tasnifu yake ya udaktari mjini Edinburgh kuhusu hewa ya namna hiyo. Humo alieleza hewa inayobaki baada ya pumzi na moto kutumia ile sehemu inayofaa, na baada ya kaboni dioksidi kuondolewa. Leo tunaiita naitrojeni. Haina harufu hata chembe. Neno lililozaliwa likiwa na maana ya uvundo lilikuwa limefika mahali ambapo uvundo si lazima tena. Maana iliyobaki ni madhara.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana neno lao kwa jambo hili hili, nalo halikutoka Ulaya. Mashariki ya Kongo, kandokando ya Goma na mlima wa volkano wa Nyiragongo, kuna mabonde na mashimo yanayokusanya kaboni dioksidi kutoka ardhini. Mbuzi huingia humo na kufa, na hata watoto na watu wazima wamefia humo. Wenyeji huita mahali pa namna hiyo mazuku, kwa maana ya upepo mbaya. Neno hilo sasa limeingia katika msamiati wa wanasayansi wa volkano duniani kote. Mazuku hainuki. Anayesubiri pua imwonye atakuwa amechelewa.

Hata haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kweli, ina hila yake. Ikiwa kidogo, pua huipata upesi. Ikizidi, hupooza uwezo wa kunusa, na mtu hudhani hewa imesafika. Hivyo ndivyo mafundi wa mashimo ya maji taka wanavyopoteza maisha. Mmoja anaingia, anaanguka, mwenzake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka. Harufu "ikiisha" ndani ya shimo, hiyo ndiyo saa ya kukimbia.

Kiswahili kinavyopanga harufu

Lugha yetu nayo haikulala. Mzaramo, Mmvita na Mpemba wote wanajua tofauti ya kunuka na kunukia. Silabi moja inatenganisha jaa na jasmini. Vumba ni ile harufu ya samaki mbichi, pamoja na shombo, lakini uvumba ni ule unaotiwa kwenye chetezo. Kikwapa ni cha mwili usiooga.

Kisha tuna uvundo, linalotokana na kuvunda. Tutazame kitenzi hicho. Kuvunda ni kuoza kwa kitu kilichofungiwa mpaka kikaanza kubadilika ndani kwa ndani. Ndugu yake ni kuvundika, kama tunavyovundika ndizi au maembe yaive. Kwa hiyo uvundo, kwa Mswahili, hauelezi pua tu. Unaeleza kwamba kuna jambo linaloendelea ndani ya kitu, na harufu ni habari tu ya jambo hilo. Ndipo wahenga wakasema, la kuvunda halina ubani. Hufukizi kilichooza, unakiondoa.

Kwa nini uvundo ulihamia mashariki ya Nairobi

Haikuwa bahati mbaya kwamba jaa kubwa la Nairobi liko Eastlands. Sababu ya kwanza ni mteremko. Jiji limeinuka magharibi na kuinama mashariki. Mto Nairobi na Mto Mathare hutiririka kuelekea huko, na maji taka hufuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana mitambo ya kusafishia maji taka iko Kariobangi, na mabwawa makubwa zaidi yako Ruai.

Sababu ya pili ni siasa iliyojificha ndani ya harufu. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa kikoloni walikuwa bado na mazoea ya fikra za kale kwamba ugonjwa hutoka katika hewa chafu. Hata jina malaria linatokana na Kiitaliano, mala aria, yaani hewa mbaya, ingawa Ronald Ross alikwisha kuthibitisha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye mbebaji. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, mtaa wa biashara wa Wahindi ulichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, akapendekeza watu watengwe kwa rangi, kwa hoja ya usafi. Waafrika wakapangiwa upande wa mashariki. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920, ikafuatwa na mitaa kama Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni.

Hoja ilikuwa kwamba Mwafrika ananuka na analeta ugonjwa, kwa hiyo akae mbali. Miaka ilipopita, taka ya jiji zima ikapelekwa kule kule alikokaa. Uhuru ulibadilisha wenye ofisi, lakini lori la taka halikubadilisha njia.

Jaa lililojaa tangu 2001

Jaa la Dandora lilianza miaka ya 1970 katika shimo la machimbo ya mawe, kando ya Mto Nairobi, kati ya Dandora na Korogocho. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo, taka haikukoma kumwagwa.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hilo hilo, lilitoa ripoti ya uchunguzi uliowahusu watoto 328 wa miaka 2 hadi 18 wanaoishi karibu na jaa. Nusu ya watoto waliopimwa damu walikutwa na madini ya risasi kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita ya damu. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha hatari kilichotambuliwa wakati huo. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo hudhoofisha ubongo wa mtoto, hupunguza uwezo wake wa kujifunza, na kinachoharibika hakirudi.

Risasi hainuki. Kinachonuka pale Dandora ni mabaki ya vyakula, matunda na nyama yanayovunda bila hewa na kutoa haidrojeni salfaidi, amonia na gesi nyingine. Mivundo hiyo huandamana na methani, ambayo haina harufu lakini hushika moto, na ndiyo sababu moja jaa hufuka moshi hata baada ya mvua. Moshi wa plastiki na nyaya zinazochomwa hubeba sumu za aina nyingine. Sumu ya betri kuukuu na rangi huzama udongoni na kuingia mtoni kimya kimya. Ukimwaga dawa ya kuua harufu juu ya jaa lile kesho asubuhi, mgeni hatashika leso tena, lakini damu ya mtoto wa Korogocho itabaki vile vile.

Sisi wa Pwani tunalo somo letu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhurika kwa risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwanaharakati Phyllis Omido alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kulipigania suala hilo. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Upeo. Wazazi wa pale hawakushinda kwa kusema hewa inanuka. Walishinda kwa vipimo vya damu.

Sheria zetu zinajua tofauti hiyo

Hapa ndipo Kilatini kinaporudi mtaani. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, ina vifungu viwili vinavyofuatana. Kifungu cha 192 kinamhusu anayechafua hewa kwa makusudi hadi ikawa na madhara kwa afya ya wakazi, wafanyabiashara au wapita njia. Neno la Kiingereza lililotumika hapo, noxious, ni Kilatini kitupu: noxius, kutoka noxa, yaani dhara. Kifungu cha 193 kinamhusu anayefanya kazi yenye kelele au harufu zinazoudhi watu wengi. Huyu ameudhi, yule amedhuru. Sheria imeyatenga.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo inapiga marufuku kile Kiingereza kinachokiita nuisance. Sisi hulitafsiri neno hilo kama kero au usumbufu, na tafsiri hiyo imelipunguzia uzito. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini nocere, kudhuru, kilichopitia Kifaransa. Mkazi anapoandika barua kwa afisa wa afya kwamba jaa "linamkera", anajishusha mwenyewe kabla hajasikilizwa. Sheria inampa ruhusa ya kusema linamdhuru.

Juu ya hizo kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba mtu fulani amekwisha kupata hasara au kuumia. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti kazi ya uzoaji taka, majaa, na udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Kwa hiyo hakuna wa kusema hajui mlango wa kubisha.

Na mlango umekwisha kubishwa. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa la Dandora lifungwe na kuhamishwa katika miezi sita. Miezi sita ikapita, na malori yakaendelea kumwaga.

Wenye mamlaka hunusa lini?

Kiangazi cha mwaka 1858 Mto Thames ulinuka kiasi kwamba wabunge wa Uingereza walishindwa kukaa katika jengo lao kando ya mto, hata mapazia yalipolowekwa dawa. Katika wiki chache walikuwa wamepitisha sheria ya kujenga mfumo mpya wa maji taka, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi. Wabunge wengi waliamini kwamba harufu ndiyo inayoleta kipindupindu. Walikosea sababu, kwani ni maji machafu, lakini mabomba yalijengwa na watu wakapona. Maskini wa London walikuwa wamenusa mto ule miaka mingi kabla.

Hata Kibarani yetu ilifungwa mwaka 2018 na mahali pake pakapandwa miti. Wengi tulifurahi, na haki yetu. Lakini ikumbukwe Kibarani iko kwenye barabara ambayo kila mgeni mheshimiwa hupita akitoka uwanja wa ndege. Taka ikapelekwa Mwakirunge, ambako mheshimiwa hapiti.

Basi Eastlands ifanye nini? Kutenganisha taka majumbani kungepunguza uvundo mno, kwa kuwa zaidi ya nusu ya taka ya Nairobi ni vitu vinavyooza, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inadai hivyo. Maelfu ya waokota taka wanaokula kutokana na jaa lile wapangiwe kazi katika mfumo mpya, wasifukuzwe. Lakini madai ya kwanza yawe ya vipimo: damu ya watoto, udongo wa viwanja vya shule, maji ya mto. Vipimo vikitolewa hadharani, hakuna atakayeweza kumwambia mama wa Dandora kwamba ni harufu tu.

Na wewe ukimpigia simu ndugu yako wa Kariobangi, usimuulize kama bado kunanuka. Yeye hatajua, pua yake imenyamaza siku nyingi. Muulize kama mtoto amepimwa.